Namna ya kuipa picha ya kompyuta ya jengo sura ya mchoro wa mkono

Muulizaji

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni msanifu majengo, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaonyesha wateja picha za renda, yaani picha ambazo kompyuta huzitengeneza kutoka kwenye modeli ya jengo ya pande tatu, ambazo ni vigumu kuzitofautisha na picha za kamera. Tatizo ni kwamba mteja akiiona picha ya namna hiyo mapema, huamini kwamba kila kitu kimekwisha kuamuliwa. Juzi nilipeleka wazo la awali la maktaba ndogo, na badala ya kuzungumzia mlango uelekee wapi na mwanga uingie vipi, tulimaliza kikao kizima tukibishania rangi ya vigae ambavyo nilikuwa nimevichagua harakaharaka ili sakafu isibaki tupu. Kwa hiyo nataka picha zangu za hatua za mwanzo zifanane na michoro ya rangi za maji. Nimejaribu kichujio cha rangi za maji katika programu ya kuhariri picha, lakini ninachopata ni kama picha ya kamera ambayo lenzi yake imepakwa mafuta: majani, ukuta, anga na watu, vyote vina mpako uleule wa brashi. Nakosea wapi?

Mpenda Kalamu

Ndugu, shida haiko kwenye kichujio bali kwenye picha unayokipa. Kichujio hakijui kwamba mlango ndio kiini cha mchoro na kwamba mti ulio nyuma ni wa kujazia nafasi. Kwake zote ni pikseli, na huzisaga zote kwa kipimo kimoja. Mchoraji huweka undani pale anapotaka jicho litue, na kwingine huiacha karatasi wazi.

Ushauri wangu ni kwamba usitoe picha moja iliyokamilika. Toa mistari peke yake, rangi bapa zisizo na kivuli peke yake, vivuli vya jua peke yake, na lile giza jepesi linalojikusanya kuta zinapokutana. Kisha vipange kama tabaka, vivuli vikiwa katika hali ya kuzidisha (multiply), ambapo tabaka la juu hulitia giza lililo chini yake, kwa kuwa hali hiyo inakaribia sana tabia ya rangi za maji zenyewe: mwanga hupenya rangi, hugonga karatasi na kurudi, na kila mpako unaoongezwa huzidisha giza. Ndiyo maana weupe wa mchoro wa rangi za maji ni karatasi. Anza basi na ukurasa mweupe, ufichue rangi kidogo kidogo kwa brashi pana, na uziache ziishie kabla ya kufika ukingoni.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni ukubwa. Ukitaka kuchapisha kwenye A3 kwa nukta 300 kwa inchi, unahitaji pikseli 4961 kwa 3508, na kichujio kitumike katika ukubwa huo huo, kwa sababu mpako wa pikseli 8 unaoonekana vizuri kwenye picha ndogo hupotea kabisa kwenye picha kubwa.

Fundi Vivuli

Nakubaliana na aliyetangulia, ila kichujio kisilaumiwe chote. Kile cha Kuwahara, kilichobuniwa mwaka 1976 kwa ajili ya picha za kitabibu, huangalia maeneo manne yanayoizunguka kila pikseli, huchagua lile lenye tofauti ndogo zaidi, kisha huchukua wastani wake. Matokeo yake ni kwamba rangi hutulia bila kingo kufifia. Blender, programu ya kutengeneza modeli na picha za pande tatu, inacho tangu toleo la 4.0. Kitumie kwenye tabaka la rangi tu, usiiguse mistari.

Tazama pia doa la rangi ya maji lililokauka. Ukingo wake una mstari mweusi kuliko katikati, kwa sababu maji hukauka upesi zaidi pembeni, na yanayotoka katikati kufidia huibeba rangi na kuiacha huko. Ukitia giza kidogo kwenye kingo za kila eneo la rangi, na kuzipinda kingo hizo kidogo ili zisifuate mistari ya modeli kwa usahihi wa rula, jicho hukubali haraka sana. Vivuli navyo visiwe vya kijivu kitupu: chini ya dari viwe na joto la sakafu, na nje vielekee kwenye samawati.

Karatasi Mbichi

Mimi ningemshauri atumie mkono halisi walau mara moja. Chapisha mistari ya modeli kwa wino hafifu kwenye karatasi nene ya rangi za maji, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, upake rangi, kisha uiskani. Jaribu kwanza kwenye kipande, kwani wino wa baadhi ya printa huyeyuka ukiguswa na maji. Hata ukirudi kwenye kompyuta, mipako hiyo uliyoiskani itakufaa kama tabaka kuliko mkwaruzo wowote uliotengenezwa na programu.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nimeirudia maktaba ile kwa tabaka nne, nikaacha sakafu yote iwe karatasi nyeupe, ikiwa na kivuli kimoja tu kinachoingia kutoka dirishani. Kilichobaki ni miti, ambayo mistari yake ya modeli ni mingi mno. Nadhani nitaiondoa na kuichora kwa mkono kama alivyoshauri Karatasi Mbichi.