Naomba ushauri: tairi la M3 yangu linalika vibaya Nürburgring

Wakuu, niko Ujerumani. Juzi niliipeleka BMW M3 yangu Nürburgring, ule mzunguko wa mbio za magari wa kilomita 20.8, nikapiga raundi sita. Ya nne, pedali ya breki ikawa laini kama sifongo. Nadhani mafuta ya breki yalichemka: ni ya daraja la DOT 4, yana miaka miwili, na yakishanyonya unyevu huweza kuchemka hata kwenye nyuzi 155. Hayo nimeshabadilisha. Kinachoniumiza ni tairi la mbele kushoto, limelika bega la nje kama limepigwa msasa. Kona nyingi kule ni za kulia, kwa hiyo uzito hulalia kushoto. Niongeze kemba (kulaza tairi juu kuelekea ndani), au nitaua matairi kwa safari za kazini? Na oili ya injini mnamwaga baada ya raundi ngapi? Bei ya pedi za breki mke hajaijua bado.