Seva ya nyumbani: makontena au usakinishaji wa kawaida?

Wadau, siku hizi anayeuliza aanzeje seva ya nyumbani hujibiwa neno moja tu: Docker, yaani programu ya kuendesha makontena (vifurushi vinavyobeba programu pamoja na kila inachohitaji). Napinga. Kwa programu mbili tatu, weka Debian (aina ya Linux), sakinisha kwa apt, zana yake ya kusakinisha programu, iachie systemd, msimamizi wa huduma, kazi ya kuziwasha. Kiraka cha usalama cha OpenSSL (laibrari ya usimbaji fiche inayotumiwa na programu nyingi) kikitoka, unasasisha laibrari moja, unawasha upya huduma zinazoitumia, basi. Kwenye makontena kila imeji (kiolezo ambacho kontena hutengenezwa kwacho) imebeba laibrari zake, kwa hiyo unamsubiri mwenye imeji aijenge upya.

Halafu kuna suala la poti, ambalo wengi hawaligusi. Mtu anaandika "5432:5432" kwenye faili la Compose (faili la mipangilio ya makontena) akiamini ufw, ukuta wa moto wa mashine, inailinda hifadhidata yake. Thubutu! Docker huweka kanuni zake yenyewe kwenye iptables (kichujio cha pakiti za mtandao cha Linux), na pakiti zinaelekezwa kwenye kontena bila kupita kwenye kanuni za ufw. Ilitakiwa "127.0.0.1:5432:5432", ili poti ifikike kutoka mashine hiyohiyo tu. Anayeanza atayajuaje hayo?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, la ufw nakuunga mkono. Ila umekwepa penyewe: programu mbili zikitaka matoleo tofauti ya PHP (lugha ya programu za wavuti) utafanyaje? Na Immich, programu ya kuhifadhi picha, waundaji wake wenyewe wanapendekeza Docker Compose. Kuhamia mashine nyingine nako ni kunakili faili la Compose na folda za data tu.

Mleta mada: Hiyo "tu" ndiyo inayowaponza watu. Ukinakili folda ya hifadhidata ya PostgreSQL huku inafanya kazi, nakala inaweza kuwa mbovu. Pg_dump, zana ya kutoa nakala salama ya hifadhidata, utaihitaji vilevile, kontena au bila kontena. Na aliyeandika postgres:latest (yaani imeji ya toleo jipya kabisa), siku imeji ikipanda toleo kuu hifadhidata inagoma kuwaka, maana data iliyomo ni ya toleo la zamani. Immich sibishi, iende kwenye kontena. Lakini Samba ya kushiriki mafaili inatafuta nini humo?

Mchangiaji wa pili: Kwani lazima tuchague upande? Samba nje, Immich ndani, maisha yanaendelea. Mleta mada, nijibu hili: mtu anayependa kujaribu programu mpya kila mara, leo anasakinisha kesho anaondoa, mabaki yaliyotapakaa /etc (mipangilio) na /var/lib (data) atayasafishaje? Mwenye kontena anafuta kontena na folda yake, kwisha. Usiniambie apt purge (amri ya kuondoa programu pamoja na mipangilio yake), maana data ulizozalisha mwenyewe mara nyingi haizigusi.