Aliyeziba matundu ya ukumbi wetu ajitokeze

Wakuu, jana usiku nilikuwa kwenye harusi ya binamu yangu na hadi sasa hasira haijashuka. Mnivumilie.

Mji wetu uko kando ya reli ya kati. Siutaji, mtanijua. Ukumbi wa maana tunao mmoja, ule wa enzi za Ujamaa, uliojengwa miaka ya 1970 kwa nguvu za wananchi. Baba alisomba mawe ya msingi. Mama na wenzake walichota maji ya zege kwa ndoo, kutoka mtoni! Humo watu wamesoma kisomo cha watu wazima, wamecheza ngoma, kwaya zimeshindana, misiba imeagwa.

Sasa wenye jengo wamelifanyia wanachoita ukarabati.

Ukuta wa kaskazini na wa kusini ulikuwa wa matofali ya matundu kuanzia kiunoni mpaka juu. Haukuwa urembo ule. Upepo unaingia chini, joto linapanda, linatokea kwenye matundu ya juu kabisa, pale kenchi za paa zinapokaa. Kuta za mashariki na magharibi ni fupi na hazina dirisha hata moja, ili jua la asubuhi na la jioni lipige ukuta tupu. Baraza pana pande zote mbili, mvua ya upepo haiwafikii waliokaa ndani. Feni hazikuwepo na hakuna aliyeziulizia. Aliyechora ramani ile alikuwa anajua jua la hapa linakopita.

Mafundi wamekuja wameng'oa baadhi ya matofali, na matundu yote yaliyobaki wameyapiga plasta. Wamebandika vioo vya aluminiamu vya kusukuma, dari la jipsamu limeshushwa mpaka unaweza kuligusa ukisimama juu ya kiti, na sakafu nyekundu ya sementi iliyong'aa miaka 40 imefunikwa taili. Baraza la kusini limekatwa fremu sita za biashara. Ndani wakafunga viyoyozi viwili, basi, wakapandisha bei.

Saa tatu usiku umeme ukakatika. Watu zaidi ya mia tatu ndani ya sanduku la vioo. Jenereta ikawasha taa na muziki, viyoyozi ikavishindwa. Bibi yangu ana miaka 80, tulimtoa nje tukampepea kwa kanga. Kabla ya hapo MC alikuwa anaongea tunasikia kila neno mara tatu, maana sauti haina pa kutokea siku hizi.

Na msinijie na ile ya "jengo la kizamani, lilipitwa na wakati". Soko la Kariakoo alilolichora Beda Amuli ni la miaka hiyohiyo ya 1970, na paa lake la miamvuli ya zege lilichorwa likinge mvua na kupeleka maji kwenye matangi. Hao watu walikuwa wanafikiri kabla ya kumwaga zege! Wa kwetu wamefikiria kodi ya fremu tu.

Nimeulizia sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayatambua moja kwa moja majengo ya kale sana tu. La juzijuzi mpaka waziri alitangaze. Ukumbi wa Kaloleni kule Arusha umekuwa makumbusho kwa sababu Azimio la Arusha lilipitishwa pale mwaka 1967. Kwetu hakikupitishwa kitu, tulioana tu na kuzikana.

Kilichoniuma zaidi nimekikuta leo asubuhi nyuma ya vyoo: matofali ya matundu yaliyong'olewa kupisha vioo yamerundikwa, watoto wanayakalia. Nimehesabu mazima 43. Kama kuna fundi humu mwenye kalibu ya kufyatulia tofali lile la duara nne, la zamani, aje PM. Wazee wawili wameshakubali kwenda na mimi Jumatatu kwa wenye jengo, na baba amesema atabeba fimbo.