Betri za 18650 za tochi za walinzi: nichukue ipi?

lango_la_nyuma:
Wakuu, habari za jioni. Natafuta betri za tochi nne za walinzi. Kila tochi inatumia 18650 moja. Mwanga mkubwa unavuta kama ampea 3, mdogo nusu ampea. Zamu ni saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, ila tochi haiwaki mfululizo. Dukani kuna zilizoandikwa ujazo (chaji inayobebwa) wa 9900 mAh kwa bei chee, na nyingine za 3500 mAh zinauzwa ghali mara kadhaa. Mafundi nao wanauza zilizotolewa kwenye laptopu. Inakuwaje yenye namba kubwa ndiyo rahisi? Na feki naitambuaje kabla sijalipa?

risasi_na_waya:
Hiyo 9900 ni wino tu, mkuu. Kopo la 18650 lina kipenyo cha mm 18 na urefu wa mm 65 (ndiyo maana ya jina lenyewe), na kwenye nafasi hiyo betri nzuri za kawaida zinaishia kwenye 3500 mAh hivi. Ukiona 5000, 6800 au 9900 kwenye saizi hiyo, rudisha mezani. Zikipimwa, mara nyingi hazifiki hata 1500.

Kwa matumizi yako tafuta Samsung 35E, LG MJ1 au Sanyo NCR18650GA. Zote ziko kwenye 3500 mAh. Ya kwanza inahimili ampea 8 mfululizo, hizo mbili ampea 10, na wewe unahitaji 3 tu. Usilipie zaidi kwa Samsung 30Q: inatoa ampea 15 lakini ujazo wake ni 3000 mAh, kwa hiyo utakuwa umenunua nguvu usiyoitumia na kupoteza muda wa kuwaka.

Hesabu ya mwanga mdogo (nusu ampea ni 500 mA): 3500 gawanya kwa 500 ni saa 7, weka sita na nusu. Kwenye mwanga mkubwa ni saa moja na dakika chache. Kwa hiyo nunua nane, moja ndani ya tochi na moja kwenye chaja.

pima_kwanza:
Naongezea upande wa ukaguzi. Nenda na mzani mdogo wa gramu na multimita. Betri halisi ya aina hizo ina gramu 45 hadi 50. Chini ya 40, ondoka. Lakini uzito peke yake usikudanganye, kuna zilizojazwa unga humo ndani na kibetri kidogo katikati. Volti za betri mpya huwa kati ya 3.4 na 3.7 hivi. Ukikuta 2 au pungufu, imelala tupu muda mrefu na ndani imeshaharibika. Hata ikikubali chaji usiichukue. Maandishi ya juu hayathibitishi kitu, ile plastiki inauzwa kwa mita na mtu yeyote anaweza kuchapa jina lolote.

Kipimo cha kweli ni ujazo. Nunua moja kwanza, iweke kwenye chaja inayopima kwa kuitoa chaji, ampea 0.5 ushuke mpaka volti 2.8. Ikitoa 3200 kwenda juu, rudi uchukue zilizobaki. Kama huna chaja hiyo, kibodi cha TP4056 (kisaketi kidogo cha kuchajia) pamoja na mita ya USB vinatosha kukupa picha: mkondo unaoingia kwenye TP4056 ni karibu sawa na unaofika kwenye betri, hivyo mAh za mita zinasomeka moja kwa moja. Kwa chaja za aina nyingine usifanye hivyo, mita itasoma pungufu na utailaumu betri bure.

mkono_wa_fundi:
Kabla ya kununua, washa tochi na betri uliyonayo hadi iishe. Ikizima yenyewe kwenye volti 2.8 au 3, ina ulinzi wake. Ikififia polepole tu bila kuzima, nunua betri yenye kibodi (kisaketi) cha ulinzi chini, la sivyo mlinzi ataikamua mpaka ife. Ila kibodi huirefusha hadi mm 68 au 70, kwa hiyo pima bomba la tochi. Angalia pia kichwa: tochi nyingine hazigusi kichwa bapa, zinataka chenye nundu. Usizibe pengo kwa sumaku, ikiteleza inaunganisha chanya na hasi.

lango_la_nyuma:
Asanteni sana. Na za laptopu je? Chaja?

risasi_na_waya:
Za laptopu nyingi zilikuwa 2200 hadi 2600 mAh zikiwa mpya. Kwenye pakiti ya sita mara nyingi jozi moja ndiyo imekufa, nyingine nzima, ndiyo maana mafundi wanazipenda. Zinafaa kwa mwenye muda wa kuzipima: ijaze hadi volti 4.2, iache wiki mbili, ikishuka chini ya 4.1 tupa, ikipata moto wakati wa kuchaji, tupa. Kwa walinzi sikushauri, mapande ya nikeli yaliyobaki baada ya kubanduliwa hutoboa plastiki, na kopo zima la nje ni hasi hadi pembeni kabisa ya kichwa chanya. Hata mpya, plastiki ikichanika usiitumie mpaka uivalishe nyingine.

Chaja: ampea 1 inatosha, betri itajaa kwa saa nne hivi. Ikimaliza, toa betri upime. Sahihi ni 4.20, ikizidi 4.25 hiyo chaja haifai. Betri za akiba zikae kwenye kiboksi cha plastiki, si mfukoni na funguo, na kila moja iandike namba na mwezi wa kununua kwa kalamu ya maki.