Kundi la ukoo wa Kisauni, Mombasa: fidia ya marehemu wa barabarani

Shangazi Rukia: Jamani, mjane wa jirani yetu aliyegongwa na lori yuko na wakala wa bima sebuleni. Sh300,000, atie sahihi leo. Nimwambieje?

Ami Salim: Asitie sahihi hata herufi moja! Hati hizo huandikwa kwamba madai yote yamekwisha. Watoto ni wangapi?

Shangazi Rukia: Watatu, mdogo hajaanza shule. Mume alikuwa fundi wa mabomba, kama 30,000 kwa mwezi.

Ami Salim: Basi piga hesabu. 30,000 × 12, mara miaka ambayo hakimu ataona angeendelea kufanya kazi, tuseme 15, kisha theluthi mbili kwa kuwa ana mke na watoto. Ni 3,600,000. Bado maumivu kabla ya kufa, na kupotezewa umri, yaani miaka ambayo angeishi bado, ambako mahakama zimezoea 100,000. Marehemu akionekana naye alikosea njiani, hukatwa asilimia yake.

Shangazi Rukia: Na hakuwa na hati ya mshahara.

Mwanaidi: Si lazima, Shangazi. Taarifa ya M-Pesa, daftari la chama cha kuweka akiba, na aliyekuwa akimpa kazi aje kushuhudia. Gharama za mazishi ndizo vizuri ziwe na risiti.

Bima italipa mwisho 3,000,000 kwa mtu mmoja. Inayozidi anadaiwa mwenye lori, kwa hiyo chukueni rekodi ya umiliki NTSA, mamlaka ya usajili wa magari. Abstrakti ya polisi, ile taarifa fupi ya ajali, peke yake huweza kuwa na jina lisilo la mwenye lori.

Ami Salim: Barua ya chifu itaje warithi wote, mama mzazi wa marehemu pia. Akiachwa mmoja, pingamizi linakuja.

Mwanaidi: Kisha cheti cha kifo, halafu hati ya usimamizi wa mirathi ya kufungulia kesi. Hiyo itangulie! Kesi ya fidia kwa niaba ya mirathi ikifunguliwa kabla ya hati hiyo hutupwa, hata hati ikipatikana baadaye.

Shangazi Rukia: Polisi wamesema kesi ya dereva iishe kwanza.

Mwanaidi: Hapana. Miaka 3 inahesabiwa tangu siku ya kifo, haisubiri kesi ya trafiki.

Shangazi Rukia: Wakala anainuka.

Mwanaidi: Pigeni picha hati yake kabla hajaondoka nayo! Jina la kampuni na namba ya bima ndiyo tutakayoandikia ilani, yaani taarifa kuwa tunashtaki. Bila ilani kabla ya kesi au siku chache baada ya kuifungua, wanaweza kukataa kulipa hukumu.

Shangazi Rukia: Nimepiga. Kurasa mbili, natuma.