Torenti inatambaa: nihamie faiba au nibadilishe ruta? (Mtwara)

Shangani_77: Wadau, nataka kuamua kabla ya mwisho wa mwezi. Nashusha Wikipedia ya Kiingereza ya Kiwix (programu ya kuisoma bila intaneti) kwa kompyuta za shule, faili linazidi GB 100. Torenti (kushusha faili vipande vipande toka kwa watu wengi) inakwenda KB 150 kwa sekunde, wakati kipimo cha kasi kinaonyesha vizuri tu. Nilipie faiba, ninunue ruta nyingine ya 4G, au tatizo ni programu?

Mikindani_Bay: Mkuu, "vizuri" ni Mbps (megabiti kwa sekunde) ngapi? Kushusha na kupandisha, zote mbili. Waya au Wi-Fi? Masida (wenye faili zima) wangapi?

Korosho_Net: Faiba. Usipoteze hela kwenye ruta.

Shangani_77: Kushusha 18, kupandisha 2. Wi-Fi, ruta ipo chumba cha pili. Programu ya torenti ni qBittorrent, masida 40.

Mikindani_Bay: Basi jibu liko kwenye hiyo 2. Mbps gawa kwa 8 upate megabaiti: kupandisha kwako kote ni KB 250 kwa sekunde. Kila data unayopokea, kompyuta inarudisha taarifa kwamba imefika. Torenti ikijaza njia ya kupandisha, taarifa hizo zinakwama foleni na anayekutumia anapunguza mwendo. Weka kikomo cha kupandisha KB 180. Usiweke sifuri, maana kwenye qBittorrent sifuri ni bila kikomo.

Mama_Ligula: Na miunganisho (njia za kuongea na kompyuta nyingine), kaka. Programu inakuja na 500 kwa jumla. Ruta ndogo za laini ya simu zina jedwali dogo la miunganisho. Likijaa, kurasa hazifunguki, WhatsApp inazunguka tu, ila taa zote zinawaka kama kawaida. Mtu analaumu mnara, anazima ruta na kuwasha, inapona dakika kumi, inarudi palepale. Punguza iwe 150 kwa jumla, 40 kwa torenti moja. Halafu chomeka waya. Wi-Fi ya 5 GHz ukutani kwenye tofali inachoka haraka.

Korosho_Net: Yote hayo faiba inamaliza.

Mikindani_Bay: Haimalizi CGNAT (kampuni kuwapa wateja wengi anwani moja ya intaneti). Angalia anwani ya WAN (upande wa intaneti) ndani ya ruta. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, umewekwa nyuma ya anwani ya pamoja. Kufungua poti (mlango wa kupokea miunganisho) kwenye ruta hakusaidii, na wenzako wengi wa torenti hawawezi kukuanza wao. Hata kwenye faiba mambo hayo yapo. Kabla hujalipia, uliza kama wanatoa IP ya umma (anwani yako mwenyewe, si ya pamoja) na kwa bei gani.

Nachingwea_PC: Kwa nini asichukue toleo lisilo na picha? Ni dogo zaidi.

Mama_Ligula: Wanafunzi wa baiolojia wasome moyo bila mchoro? Hapana, dada.

Shangani_77: Nimeweka 180 na 150, sasa inacheza kwenye MB 1.1 kwa sekunde. Waya natafuta. Nikimaliza nahamishia kwenye flashi ya GB 256.

Nachingwea_PC: Flashi imefomatiwa FAT32? Faili moja halizidi GB 4 humo. Ifomati exFAT kwanza, haina kikomo hicho.

Shangani_77: Zile kompyuta ni za Windows 7, exFAT zitaisoma?

Nachingwea_PC: Zinasoma. Zina RAM kiasi gani?