Selsiasi na Farenhaiti: hiyo 32 inatoka wapi, na mbona maji ya Mwanza hayafiki 100?

Mzazi wa Nyegezi
Habari za jioni, wakuu. Kijana wangu wa darasa la sita amepewa zoezi la kugeuza nyuzi 37 za Selsiasi kuwa Farenhaiti. Amejumlisha 32 kwanza, halafu akazidisha kwa 9/5, akapata 124.2. Kanuni ameikariri, ila hajui 32 na 9/5 zimetoka wapi. Jambo la pili: shuleni wamechemsha maji, kipimajoto kikagota kwenye 96. Wenzake wanasema ni kibovu. Naomba maelezo ambayo mtoto atayaelewa.

Chaki na Rula
Kanuni iwekeni pembeni kwanza, chukueni manila na rula. Achore mstari wa wima wa sentimita 20 kamili, aweke alama kila sentimita. Chini kabisa ndipo maji yanapoganda: kushoto aandike 0, kulia 32. Kila akipanda sentimita moja, kushoto anaongeza 5, kulia anaongeza 9. Atapata 5 na 41, 10 na 50, 15 na 59, hivyo hivyo mpaka juu, ambako lazima akutane na 100 na 212, maji yanapochemka. Isipotoka 212, kuna mahali kajumlisha vibaya.

Sasa muulize 32 ni nini. Ataiona kwa macho: ni namba ambayo Farenhaiti inaiweka pale Selsiasi inapoweka 0. Na 9/5 ni ukubwa wa hatua, maana toka kuganda hadi kuchemka Selsiasi ina hatua 100 na Farenhaiti ina 180.

Kosa lake ni hilo: amezidisha mahali pa kuanzia pamoja na hatua. Kinachozidishwa ni hatua tu. 37 × 9 = 333, gawanya kwa 5 unapata 66.6, ndipo ujumlishe 32: 98.6. Kurudi, anaanza kwa kutoa 32: 66.6. Gawanya kwa 9, 7.4. Zidisha kwa 5, 37. Na hiyo 7.4 ndiyo sentimita yenyewe kwenye mstari wake, apime kwa rula ahakikishe.

Dagaa Mkavu
Kuna njia ya mkato: zidisha Selsiasi kwa 2, jumlisha 30. Kwa hali ya hewa inatosha kabisa.

Kipimo Sahihi
Kwa hali ya hewa sawa, mkuu: 25 inatoa 80 badala ya 77. Kwa mgonjwa hapana. 37 ya mtu mzima wa afya itakuwa 104, na 104 halisi ni 40 za Selsiasi, homa kali. Afadhali hii: zidisha kwa 2, toa sehemu ya kumi ya jibu hilo, jumlisha 32. 74 toa 7.4 ni 66.6, ongeza 32, 98.6. Hakuna kukadiria hapo.

Kuhusu 96, kipimajoto ni kizima. Ziwa letu la Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Huku juu kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni ndogo, maji yanachemka mapema, takriban nyuzi 1 pungufu kwa kila mita 300. Ile 100 ni ya usawa wa bahari, Tanga au Dar. Anders Celsius mwenyewe alilichunguza jambo hili, na skeli yake ya 1742 ilikuwa kinyume: 0 kuchemka, 100 kuganda. Iligeuzwa baadaye.

Mkitaka kukihakiki, tumieni barafu. Ipondwe, ijae kikombe, maji safi kidogo, koroga, subiri dakika 3 kipimajoto kikiwa katikati. Kisome 0. Barafu isiwe na chumvi, maana ya chumvi hushuka chini ya 0. Na tafadhali, kipimajoto cha homa kisiguse maji ya moto: mwisho wake ni 42 hivi, kioo kitapasuka.

Mzazi wa Nyegezi
Asanteni sana. Swali la mwisho la zoezi: asubuhi 18, mchana 28, joto limepanda Farenhaiti ngapi? Kaandika 50.

Chaki na Rula
Ni 18. Kinachogeuzwa hapa ni ongezeko la 10, hatua tupu, kwa hiyo 32 haihusiki: 10 × 9 ÷ 5. Kwenye manila yake, 18 ni 64.4 na 28 ni 82.4. Atoe mwenyewe.